Kupima nguvu ya antioksidanti na ya kuzuia vijidudu: maswali tunayoulizwa kila mara

Wanaoleta maswali haya kwenye maabara yetu ni wakamuaji wa mafuta, watengenezaji wa sabuni, wafugaji wa nyuki, na wanafunzi wa uzamili ambao msimamizi wao anataka matokeo kabla ya mwezi kwisha. Nimejibu kwa mifano ninayoishika kila wiki: mafuta ya karafuu, asali, na tando za vifungashio zinazotengenezwa kwa wanga wa muhogo au maganda ya kamba wa baharini. Kipimo hujibu lile swali ulilokiuliza, basi. Ndiyo maana katika majibu mengi hapa chini nitakurudisha kwenye swali lako kabla sijakupa namba.

Nimekamua mafuta ya karafuu mwenyewe. Nianze kupima nini?

Anza kwa kujua kilichomo ndani ya chupa. Mkarafuu mmoja hutoa mafuta ya aina tatu: ya karafuu zenyewe, ya makonyo, na ya majani. Pemba wanalijua hili vizuri, kwani kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua makonyo yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta ya aina zote tatu yana yujenoli kwa wingi, na yujenoli ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, ya antioksidanti na ya kuzuia vijidudu pia. Katika mafuta ya karafuu zenyewe hufika kama asilimia 70 hadi 90. Tofauti iko kwenye vinavyoandamana nayo: mafuta ya makonyo na ya majani yana asetati ya yujenoli kidogo kuliko ya karafuu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha kutenganisha viambato kwa kromatografia ya gesi. Kama mtu alikuuzia mafuta yaliyozimuliwa kwa mafuta ya kula, ni afadhali ujue siku hiyo hiyo kuliko ulipie vipimo kumi vya bakteria kwa bidhaa ambayo huwezi kuirudia tena.

Baada ya hapo niambie mafuta yanakwenda kufanya nini. Kuzuia mafuta ya kupikia yasivunde ni swali moja, kuzuia kuvu kwenye mkate ni swali jingine, na kusafisha ngozi ni la tatu. Kila moja lina kipimo chake.

Antioksidanti mnaipimaje hasa?

Antioksidanti ni kitu kinachozuia vingine visiharibiwe na oksijeni, kama mafuta yanavyovunda. Kipimo kinachotumika zaidi ni cha DPPH, kilichoelezwa na Blois mwaka 1958. DPPH ni unga mweusi ambao ukiyeyuka kwenye methanoli unatoa rangi ya zambarau iliyokolea. Ni radikali huru iliyotulia: ina elektroni moja isiyo na mwenzake, lakini haiharakishi kuungana na kitu. Ikikutana na antioksidanti hupewa inachokosa, na zambarau hufifia kuelekea manjano.

Tunapima miligramu 3.94 za unga huo, tunaziyeyusha katika mililita 100 za methanoli, tunachanganya na sampuli, na kuweka gizani kwa dakika 30. Kisha spektrofotomita inasoma mwanga wa nanomita 517. Tuseme mchanganyiko usio na sampuli umesoma 0.900 na wenye sampuli umesoma 0.270. Rangi iliyopotea ni 0.630, sawa na asilimia 70. Tunarudia kwa kiasi tofauti tofauti cha sampuli mpaka tupate kiasi kinachoondoa nusu ya rangi. Hicho ndicho kinachoitwa IC50, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo sampuli ilivyo na nguvu. Wengi hulisoma kinyume, wakafurahia namba kubwa.

Mbali na DPPH kuna ABTS, yenye rangi ya kijani-buluu, ambayo huachwa gizani saa 12 hadi 16 ili iwe tayari, na husomwa kwenye nanomita 734. Kuna FRAP, inayotazama kama sampuli inaweza kugeuza chuma cha hali ya tatu kuwa cha hali ya pili. Pia kuna Folin-Ciocalteu, inayokadiria jumla ya fenoli kwa kulinganisha na asidi ya galiki. Hiyo ya mwisho napenda iandikwe kwa tahadhari, kwa sababu vitamini C nayo huigeuza rangi, na sukari za asali au za juisi huongeza hesabu. Ukiona asali imepewa "jumla ya fenoli" kubwa mno, uliza kama sukari ilitolewa kwanza.

Maabara mbili zimenipa namba tofauti kwa sampuli ile ile. Nani kadanganya?

Huenda hakuna. Kiasi cha DPPH kwenye mchanganyiko, muda wa kusubiri na kiyeyusho kilichotumika vyote huisogeza IC50. Ndiyo maana ripoti inayofaa huweka kando ya sampuli yako kitu kinachojulikana, kama vitamini C au Troloksi (jamaa ya vitamini E inayoyeyuka kwenye maji), kilichopimwa siku ile ile kwa chupa ile ile ya DPPH. Ukiwa na hicho unaweza kusema mafuta yako ni mara ngapi ya vitamini C, na kauli hiyo inasafiri vizuri zaidi kuliko namba tupu.

Angalia na rangi ya sampuli. Choya ni mfano wangu wa kila siku: wekundu wake hufyonza mwanga karibu kabisa na pale DPPH inaposomwa. Mwanafunzi anaona zambarau "haijaondoka" na kuandika kwamba choya ni dhaifu, kumbe anachosoma ni wekundu wa choya yenyewe. Dawa yake ni kusoma choya peke yake kwenye methanoli, bila DPPH, na kuitoa kwenye hesabu. Bizari ya manjano nayo ina usumbufu wa namna hiyo kwenye vipimo vingi vya rangi.

Namba yangu ya antioksidanti ni nzuri sana. Naweza kusema bidhaa inakinga saratani?

Hapana, na hapa sitapunguza maneno. Kilichotokea kwenye kichupa ni kemia kati ya sampuli na rangi. Tumbo, ini na damu havikuwemo.

Wakati mmoja Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula na alama zao za kipimo kinachoitwa ORAC. Mwaka 2012 iliiondoa, kwa sababu alama hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa, na hazikuonyesha kinachotokea mwilini. Lipo na jambo zito zaidi. Huko Ufini wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika utafiti ambapo baadhi walipewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayojulikana sana. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Utafiti mwingine wa Marekani, uliounganisha beta-karotini na vitamini A, ulisimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu ya madhara kama hayo.

Unachoweza kudai kwa haki, ukipima hivyo, ni kwamba mafuta yako yanachelewesha siagi au mafuta ya alizeti kuvunda. Hilo nalo lina thamani kubwa sokoni, na linapimika kwa thamani ya peroksidi, inayoonyesha mafuta yameanza kuvunda kiasi gani, wiki baada ya wiki.

Na vijidudu? Nimeona picha ya sahani yenye duara angavu. Ndiyo yenyewe?

Ndiyo inayojulikana zaidi. Agari ya Mueller-Hinton, yaani chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, yenye unene wa milimita 4, hupakwa bakteria kwa usufi, kisha juu yake huwekwa kidonge cha karatasi cha milimita 6 kilicholoweshwa sampuli. Sahani hukaa kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi unaifungua, na kama sampuli ina nguvu utaona utando wa kijivu wa bakteria umetanda kote isipokuwa kuzunguka kidonge, pale ambapo agari imebaki safi kama kioo.

Kabla ya kupaka, wingi wa bakteria husawazishwa kwa kulinganisha ukungu wake na kichupa cha McFarland 0.5, ambacho ukungu wake ni wa kipimo maalumu. Tunashika vichupa viwili mbele ya kadi yenye mistari meusi, na mistari ikionekana kwa ufifi ule ule kwenye vyote viwili, tuna takriban bakteria milioni 150 kwa mililita. Anayeiruka hatua hii anapata duara kubwa leo na dogo kesho kwa mafuta yale yale.

Duara langu ni dogo kuliko la mwenzangu. Mafuta yangu ni dhaifu?

Si lazima. Ukubwa wa duara unategemea mambo mawili kwa pamoja: nguvu ya sampuli na wepesi wake wa kusafiri ndani ya agari. Agari kwa sehemu kubwa ni maji, na mafuta hayapendi maji. Mkamuo mwepesi unaosambaa haraka unaweza kuchora duara kubwa, ilhali kwa nguvu unashindwa na mafuta mazito yaliyoganda pale pale yalipowekwa. Kitosani, ile tunayoipata kwenye maganda ya kamba, ina molekuli ndefu mno na karibu haisogei. Nimeona tasnifu zikiandika kwamba "haina nguvu" kwa sababu hiyo peke yake.

Tena, majedwali yanayosema milimita kadhaa ni "sugu" na kadhaa ni "nyeti" yalitengenezwa kwa dawa maalumu za antibiotiki, kila moja na dozi yake. Hayahusu mwarobaini wala karafuu. Kidonge cha antibiotiki kwenye sahani yako kiko pale kuthibitisha kwamba sahani imefanya kazi. Kushindana nacho hakuna maana.

Basi kipimo cha kuaminika ni kipi?

Kwa sampuli inayoyeyuka au kuchanganyika na maji, ni cha kutafuta MIC, yaani kiasi kidogo kabisa kinachozuia vijidudu kukua. Tunatumia sahani yenye vishimo 96. Kishimo cha kwanza kina sampuli iliyokolea, cha pili nusu yake, cha tatu robo, na kuendelea. Kila kishimo hupata bakteria kama 500,000 kwa mililita. Baada ya kulala kwenye inkubeta tunatia tone la resazurini, ambayo ni buluu. Palipo na bakteria hai inageuka kuwa waridi. Unatembeza macho kwenye mstari: buluu, buluu, buluu, waridi. Buluu ya mwisho ndiyo MIC yako. Tahadhari: sampuli yenye antioksidanti nyingi wakati mwingine huigeuza rangi yenyewe bila bakteria, kwa hiyo weka mstari wa sampuli peke yake.

Ukitaka kujua kama bakteria wamekufa au wamezuiwa tu, chota kutoka kwenye vishimo vya buluu kisha uoteshe kwenye agari safi. Wakirudi kuota, walikuwa wamelala. Kuua kunahesabiwa pale wanapopungua kwa asilimia 99.9.

Ukubali pia kwamba MIC inaweza kupanda au kushuka kishimo kimoja kwa bahati tu. Anayesema mafuta yake yenye MIC ya 0.5 yameyashinda yenye MIC ya 1.0 hajaonyesha tofauti yoyote.

Mnatumia bakteria gani?

Wale wa rejea, ambao maabara yoyote duniani inaweza kuwapata kwa namba zao za ATCC, hifadhi ya vijidudu ya Marekani: Staphylococcus aureus ATCC 25923, Escherichia coli ATCC 25922, Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853, na kwa upande wa kuvu Candida albicans. Tarajia Staphylococcus asalimu amri mapema kuliko Pseudomonas. E. coli na Pseudomonas wana utando wa nje wa ziada ambao vitu vingi vya mimea huupenya kwa shida. Sampuli yako ikiwazuia wote kwa kiasi kile kile, nitashuku kiyeyusho kabla ya kufurahi.

Kiyeyusho kinahusikaje?

Kinahusika kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta hayaingii kwenye maji bila msaada wa Tween 80 au DMSO, na mkamuo wa mmea mara nyingi huja na ethanoli yake. Ethanoli inaua bakteria. Kwa hiyo lazima pawe na kishimo chenye kiyeyusho peke yake, kwa kiasi kile kile, na bakteria waote humo bila shida. Ripoti isiyo na kishimo hicho irudishe.

Na mafuta ya karafuu yana tabia nyingine iliyonifundisha kwa gharama. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliweka sahani za karafuu na sahani za asali kwenye inkubeta moja, rafu juu ya rafu. Asubuhi nilipofungua mlango harufu ya karafuu ilinipiga usoni kama niko kwenye uwanja wa kuanikia. Sahani za asali hazikuwa na bakteria hata mmoja, pamoja na ile ambayo haikuwekwa kitu. Mvuke wa yujenoli ulikuwa umepita chini ya vifuniko usiku kucha. Kazi ya wiki mbili ikarudiwa. Tangu siku hiyo mafuta yenye mvuke yanapimwa peke yake, vishimo vinafunikwa kwa karatasi ya gundi, na mafuta ghafi hayakai kwenye plastiki ya polistirini, kwa sababu yanailainisha.

Nimetengeneza utando wa kufungashia kwa wanga wa muhogo, kitosani na mafuta ya karafuu. Unapimwa kama mafuta?

Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo wengi wanapopotea. Kitu cha mseto kina sehemu kadhaa, na kipimo lazima kiweze kusema ni ipi iliyofanya kazi.

Chukua utando wako. Ili kitosani iyeyuke uliiweka kwenye asidi ya asetiki, kwa kawaida ya asilimia 1. Utando umekauka lakini asidi kiasi imebaki ndani, na asidi ya asetiki ndiyo ile ile ya siki. Inazuia bakteria. Kitosani nayo inazuia bakteria, hasa kwenye mazingira ya asidi, kwa sababu ikiwa chini ya pH ya kama 6.5 huwa na chaji chanya inayogandamana na ngozi ya bakteria. Halafu ndiyo yanakuja mafuta. Sasa umeleta utando mmoja tu na unaniuliza kama karafuu inafanya kazi. Siwezi kukujibu. Lete tando nne: wanga mtupu, wanga na kitosani, wanga na kitosani iliyooshwa asidi, na ule kamili. Zote za unene mmoja, zilizokauka siku moja. Hizo sampuli linganishi ndizo zinazobeba jibu lako.

Kwa tando na plastiki kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 22196. Kipande cha milimita 50 kwa 50 huwekewa mililita 0.4 za maji yenye bakteria, hufunikwa kwa plastiki nyembamba ya milimita 40 kwa 40 ili maji yatandae, na hukaa saa 24 kwenye nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Kisha bakteria huoshwa na kuhesabiwa. Maji ya kuoshea yana lesithini na polisobati za kuzima sampuli. Bila hizo, mafuta yanaendelea kuua ndani ya kichupa cha kuoshea, na unakuja kuusifia utando kwa kazi iliyofanyika baada ya jaribio kwisha.

Tatizo ni kwamba kiwango hicho kiliandikwa kwa vitu visivyonyonya maji. Utando wa wanga hunyonya, huvimba, na wakati mwingine unakuwa uji. Ukiwa hivyo, ni bora kuutumbukiza kwenye maji yenye bakteria na kutikisa, kisha kuhesabu makoloni. Usitegemee ukungu wa maji kupima ukuaji, hasa kama umetia chembe ndogo za oksidi ya zinki. Chembe hizo zenyewe ni ukungu.

Na antioksidanti ya utando?

Wengi hukata kipande, wakakitumbukiza kwenye methanoli na kupima DPPH. Methanoli inaivuta yujenoli karibu yote, kwa hiyo unachopata ni jumla iliyomo. Chakula hakitaivuta hivyo. Afadhali utumie kimiminika kinachofanana na chakula chako: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 10/2011 ina ethanoli ya asilimia 10 kwa vyakula vya majimaji, asidi ya asetiki ya asilimia 3 kwa vyenye uchachu, na mafuta ya mimea kwa vyenye mafuta. Chota kila baada ya muda na upime kinachotoka. Utando unaomaliza mafuta yote ndani ya saa moja hautalinda samaki wa siku tano, hata kama namba ya methanoli ni ya kupendeza.

Asilimia 99.9 maana yake bidhaa yangu inaua karibu kila kitu?

Tuseme utando mtupu umebaki na bakteria 1,000,000, na utando wako umebaki na 1,000. Umepunguza mara elfu, ambayo kwenye ripoti huandikwa R = 3 (sifuri tatu zimeondoka), na ndiyo hiyo asilimia 99.9. Lakini 1,000 wapo. Asilimia 99 inasikika kama jirani yake, ilhali inaacha 10,000, mara kumi zaidi. Ndiyo maana napendelea kuandika R.

Asali yangu ni ya nyuki wadogo. Mtaipima vipi?

Asali huzuia bakteria kwa njia kadhaa: sukari nyingi inayowanyonya maji, asidi, na hidrojeni peroksidi inayotengenezwa na kimeng'enya cha nyuki asali inapozimuliwa. Tunaweka kando yake mchanganyiko wa sukari zile zile, na sampuli nyingine tuliyoiondolea peroksidi kwa katalesi, kimeng'enya kinachoivunja. Tafadhali usiichemshe wala kuianika juani kabla ya kuileta. Joto na mwanga huua hicho kimeng'enya, na utapimiwa sukari tu.

Matokeo haya yananiruhusu kuandika "inaua vijidudu" kwenye lebo?

Peke yake hayatoshi. Tanzania Bara, dawa ziko chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na chakula na vipodozi viko TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019. Kenya utakwenda KEBS, shirika lao la viwango, au Bodi ya Dawa na Sumu. Neno ulilochagua ndilo linaloamua mlango: ukiandika "inatibu", umehama kutoka kipodozi kuingia dawa. Uliza kabla ya kuchapa lebo elfu mbili.

Naweza kufanya kipimo cha bakteria nyumbani?

Usifanye. Kuotesha bakteria jikoni ni kuwazidisha kwa mamilioni mahali pasipo na otoklevu ya kuwaua baadaye, na watoto wapo.

Mwanafunzi arudie mara ngapi?

Vishimo vitatu kwenye sahani moja ni jaribio moja. Rudia siku tatu tofauti, kwa bakteria waliooteshwa upya na, ukiweza, kwa mkamuo wa fungu jingine la majani. Mwarobaini wa masika na wa kiangazi haukupi mkamuo uliofanana.

Nilete kiasi gani, na nikilete vipi?

Mafuta mililita 10, kwenye chupa ya kioo ya rangi ya kahawia iliyojazwa mpaka shingoni ili hewa isibaki. Asali gramu 100. Majani yaliyokaushwa kivulini gramu 200, pamoja na tawi lenye ua au tunda, ili mtaalamu wa mimea athibitishe jina. Tando vipande kumi vya kila aina, vikiwa katikati ya karatasi safi, visikunjwe. Andika tarehe ya kuvuna, mahali, na kila ulichokitia ndani, hata kile unachodhani hakina maana. Gliserini kidogo ya kulainishia utando nayo iandike.